Nirudishie Jasho Langu

Mikono yote ilikuwa bado juu.

Wewe msomaji umekula, umelala, umefua, pengine hata umegombana na jirani tangu tulipoachana wiki iliyopita. Bomba, maskini wa Mungu, bado amesimama palepale katikati ya karakana ya magauni ya harusi, mikono hewani kama mtu anayejisalimisha kwa jeshi. Na Shangazi yake ndiyo kwanza anatia ufunguo wa mlango ndani ya sidiria, mahali ambapo wakili yeyote asingethubutu kuufuata.

"Hatoki mtu," alisema Shangazi. "Hata nzi."

Juu ya meza kubwa lilikuwa limelazwa gauni la satini nyeupe. Kifuani mwa gauni palikuwa na alama ya kahawia, nyembamba mbele, pana nyuma. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni alama ya nini. Pasi ilikuwa imejichora yenyewe.

Walikuwa watu wanne mle ndani. Shangazi, mwenye karakana. Binti yake, mshona shanga. Mvuke, mpiga pasi, mwanaume mnene mwenye utani usiokauka, ambaye Jumapili hii alikuwa aje na mjomba wake kumposa huyo Binti. Na Bomba, mtoto wa kaka yake Shangazi, fundi wa vipimo, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu utotoni viganja na makwapa yake vilikuwa vikivuja kama mabomba yaliyokosa fundi.

Na aliyeunguza gauni alikuwa Bomba. Wewe unajua, mimi najua, na Bomba mwenyewe alijua mpaka kwenye kucha.

"Leteni karatasi," alisema Shangazi.

Binti alikata vipande vya ile karatasi nyembamba ya kuchorea mitindo. Hii ndiyo ilikuwa mahakama ya karakana. Kitu kikipotea au kikiharibika, kila mtu alibana kipande kwapani, wakasubiri, kisha vipande vikatolewa na kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Ambaye karatasi yake ilikuwa imelowa, huyo ndiye mwenye kosa. Rufaa hakuna.

"Kinywa unaweza kukifundisha uongo," Shangazi alipenda kusema. "Kwapa amelifundisha nani?"

Katika mahakama hiyo Bomba alikuwa amepatikana na hatia ya kupoteza mkasi, ambao baadaye ulikutwa kwenye mkoba wa Shangazi, na hapo tena akaambiwa ndiye aliyeuficha humo. Alipatikana na hatia ya kula keki ya mteja. Wakati fulani alikaribia kupatikana na hatia ya mvua iliyovuja darini. Hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Karatasi yake ililowa kabla hata shtaka halijasomwa.

Leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ushitakiwa, alikuwa ametenda kosa kweli.

Na leo alikuwa mkavu.

"Teremsheni mikono. Baneni."

Wakabana. Bomba alitazama sakafu na kukumbuka sindano.

Ilianza na bibi harusi mwenye gauni hilihili. Alikuwa daktari wa ngozi. Siku Bomba alipompima kiuno, kiganja chake kiliacha alama ya maji kwenye blauzi, akaomba radhi mpaka akakaribia kulia. Yule daktari akamshika kifundo cha mkono taratibu, akasema, "Mdogo wangu, hii inatibika. Njoo kliniki."

Akaenda. Akapakwa iodini kwapani, akanyunyiziwa wanga, na kila palipokuwa na jasho pakageuka bluu nyeusi, ramani nzima ya aibu yake. Halafu zikaja sindano, ndogondogo, nyingi, makwapani na viganjani. Za viganjani zilimfanya amwite marehemu bibi yake kwa jina kamili. Siku chache baadaye jasho likaanza kupungua, na wiki ya pili ilipotimia likawa limekwisha kabisa.

Angemwambia Shangazi siku hiyohiyo. Lakini Shangazi, ambaye miaka yote alikuwa akimsagia shabu, lile jiwe jeupe la kukausha jasho, na kumpaka makwapani kwa mkono wake mwenyewe, alimgusa kiganja, akakikuta kikavu, akapiga vigelegele vilivyosikika mtaa wa pili. "Shabu yangu! Si niliwaambia?" Kufikia jioni majirani wote walikuwa na vikopo vya shabu. Bomba akanyamaza. Alinyamaza kwa upendo, alijiambia. Uongo mwingi wa nyumbani huanza hivyo.

"Toeni!"

Shangazi akainua karatasi ya kwanza dirishani. Ya Binti: kavu.

Ya Bomba. Shangazi akaigeuza. Akaigeuza tena. Akatabasamu kwa fahari ya mganga.

"Kavu kama siku niliyoinunua," alisema. "Mwanangu, leo hii umesafishwa."

Bomba alitamani sakafu immeze, lakini ilikuwa ya saruji.

Ya Mvuke haikuwa karatasi tena. Ilikuwa uji.

"Mama," alisema Mvuke akicheka, "mimi nimesimama kwenye pasi ya mvuke tangu asubuhi. Ulitaka kwapani kwangu kutoke nini, vumbi?"

"Meza ya pasi ni ya nani?"

"Yangu."

"Pasi ni ya nani?"

"Yangu, lakini Mama, nilitoka kuchota maji ya tangi, nikaacha..."

"Ukaacha nini?"

Mvuke akafunga mdomo. Macho yake yakapita juu ya kichwa cha Shangazi, yakatua kwa Bomba, yakakaa hapo. Kicheko chake kilikuwa kimeondoka.

"Sina la kusema," alisema.

"Basi nenda ukakose la kusema kwenu. Na umwambie mjomba wako asijisumbue kupiga viatu rangi Jumapili. Mimi simpi binti yangu mtu anayeunguza kitu cha watu akasimama anacheka."

"Mama!" Binti alipaza sauti. "Kwa karatasi?"

"Wewe kaa na shanga zako."

Ufunguo ukatoka ulikotoka. Mlango ukafunguka. Mvuke akavua aproni, akaikunja kwa ustadi, pembe kwa pembe, kwa sababu hajawahi kuacha kitambaa na mkunjo, akaiweka mezani na kutoka.

Binti alimgeukia Bomba. "Wewe ni rafiki yake. Umesimama hapo kama kabati!"

Kabla kabati halijajibu, Shangazi alimwekea mkono begani. "Kuanzia leo," alisema, "meza ya pasi ni yako."

*

Kliniki ya ngozi ilikuwa mtaa wa nyuma, ghorofani, juu ya duka la miwani. Bomba alipanda ngazi mbili mbili, akawapita wagonjwa kwenye benchi, akaingia bila kubisha.

"Viganja vyangu vya mfano!" alisema Daktari, akainuka. Akamshika mikono yote miwili, akaikagua mbele na nyuma. "Mikavu. Mizuri. Kuna tatizo?"

"Nimekuja kurudisha, dada Daktari."

"Kurudisha nini?"

"Dawa. Nataka jasho langu."

Daktari alivua miwani. "Watu wanakuja hapa kulia niwaondolee jasho. Wewe ni wa kwanza kuja kulidai kama mzigo uliosahau stendi."

"Kuna sindano ya kulirudisha?"

"Hakuna. Ikishaingia imeingia. Inabidi uingoje iishe yenyewe."

"Inaisha lini?"

"Viganjani, miezi minne, mitano, wengine sita. Makwapani inaweza kwenda zaidi ya hapo. Na jasho halirudi siku moja kwa kishindo. Utaona unyevu leo, kidogo zaidi wiki ijayo, mpaka siku utakayonijia tena."

"Jumapili haiwezekani?"

"Jumapili ipi?"

"Hii."

Daktari akacheka. Bomba hakucheka. Daktari akaacha.

"Vidole vipi?" aliuliza. "Nilikwambia dole gumba linaweza kulegea wiki kadhaa. Uliepuka vitu vizito na vya moto?"

Naam. Alikuwa amemwambia, tena kwa maneno ya wazi. Bomba alikuwa ameitikia kwa kichwa, vile watu huitikia wakiwa wamelala kwenye kitanda cha daktari, huku akiwaza satini. Miaka yote alikuwa akivaa glavu akishika vitambaa. Hajawahi kugusa satini kwa kiganja kitupu. Kwa hiyo asubuhi ile, Mvuke alipotoka kuchota maji, Bomba alivua glavu, akapapasa gauni, akasikia ubaridi wake laini ukipita chini ya mkono, na furaha ikampanda kichwani. Akasema apige pasi kidogo tu, pale kifuani. Akainua pasi. Dole gumba likakubali, likafikiri, likakataa. Pasi ikashuka kifudifudi, na mpaka alipoiondoa kwa mikono miwili, harufu ilikuwa imeshapanda.

Halafu akaenda kupanga rili za uzi kwa rangi zake, kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwomba.

"Vidole viko hivyohivyo," alimjibu Daktari.

"Vitapona. Sasa niambie unachokitaka kweli."

Bomba alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Moyo unanigonga. Zamani nikiwa hivi, mtu yeyote angeniona ninavyochuruzika, angejua. Sasa hakuna anayejua. Nimekaa ndani humu peke yangu na mlango umefungwa."

"Sindano inalaza tezi za jasho tu," Daktari alisema polepole. "Moyo haikuugusa. Umefanya nini?"

"Kuna mtu amefukuzwa kazi kwa kosa la mtu mwingine. Mwenye kosa angetoa jasho, ingejulikana."

"Na huyo mwenye kosa ni bubu?"

"Hapana."

"Basi sikiliza, Bomba. Nililaza tezi zako. Ulimi wako sikuuchoma."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mdomoni, mwenye gauni alikuwa mbele yake. Akasimama aondoke.

"Na gauni langu?" Daktari aliuliza. "Limefikia wapi?"

Bomba akashika kitasa. "Limepigwa pasi."

"Vizuri?"

"Limepigwa sana, Daktari."

"Haya," alisema Daktari, akitazama dirishani. "Mchana tutapita na mama mkwe."

Bomba alishuka ngazi. Ukipima maneno yale kwa mizani ya wanasheria, hakuwa amesema uongo hata chembe. Hata hivyo, alipopita mbele ya duka la miwani, miwani yote dirishani ikamtazama.

*

Alipoingia karakana, Shangazi alikuwa kwenye simu.

"Ndiyo, mama mkwe, ajali ndogo... Hapana, aliyefanya tumeshampata. Mpiga pasi. Nimeshamwondoa... Njooni tu, njooni mwone." Akakata. "Atanitangaza mji mzima huyu mwanamke. Bomba, ulikuwa wapi?"

"Shangazi, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Ulikuwa wapi?"

"Ni mimi niliyeunguza gauni. Mvuke hakuwepo. Nilishika pasi, ikaniponyoka."

Binti alisimama, shanga zikamwagika mapajani na kukimbilia chini ya cherehani.

Shangazi hakusimama. Alimvuta mkono Bomba, akakigeuza kiganja, akakisugua kwa dole gumba kama anachagua kitambaa. Kikavu. Akamwingiza mkono kwapani bila kuomba ruhusa, haki aliyokuwa nayo tangu Bomba akiwa na umri wa kwenda chekechea. Pakavu.

Uso wake ukalainika.

"Mwanangu," alisema. "Una moyo kuliko hata marehemu baba yako. Unataka kujibebesha kwa ajili ya rafiki yako."

"Shangazi, nasema kweli!"

"Ungekuwa wewe kweli, sasa hivi ungekuwa kisima. Mimi nimekufulia mashati tangu mdogo, nakujua."

"Ni mimi!"

"Hapana."

"Jamani, ni mimi!"

"Na ukiendelea kunipigia kelele nitaamini umechanganyikiwa."

Tazama basi mikasa ya dunia. Miaka yote alisema si mimi, akaambiwa ni wewe. Leo anasema ni mimi, anapakatwa kama mtoto mchanga.

Bomba alitazama rafu. Vikopo vya shabu vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kimefungwa utepe mweupe uliobaki kwenye magauni. Aliujua ule utepe. Shangazi aliufunga mwenyewe, jioni, akiimba.

"Shangazi," alisema, "haikuwa shabu."

"Nini haikuwa shabu?"

"Iliyonikausha. Nilichomwa sindano. Yule Daktari, bibi harusi wetu, alinichoma makwapani na mikononi. Ndiyo maana sitoi jasho. Ninaweza kuiba benki sasa hivi na karatasi yako itoke kavu."

Shangazi akavitazama vikopo rafuni, kimoja kimoja.

"Nimempa mwalimu mkuu kikopo," Shangazi alisema mwishowe. "Nimemwambia apake asubuhi na jioni."

"Anapaka?"

"Anapaka!"

"Inamsaidia?"

"Ananukia vizuri," alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa neno moja. Macho yake yakawa membamba. Akachomoa pini moja kutoka kwenye mto wa pini uliokuwa kifundoni mwake, akaiweka juu ya meza tupu.

"Umesema iliponyoka. Mkono wa fundi hauponyokwi. Okota hiyo."

Bomba akanyoosha mkono. Dole gumba na kidole cha shahada vikaizunguka pini, vikakutana, vikaachana. Pini ikajiviringisha. Akajaribu tena. Akajaribu kuisukuma ukingoni mwa meza aidake, ikaanguka. Akapiga magoti, akaiona pale sakafuni, inang'aa, na vidole vyake vikaichezea kama vidole vya mtu aliyelala.

Fundi wa vipimo, amelelewa kwenye pini, hawezi kuokota pini.

"Acha," alisema Shangazi.

"Ngoja, nitaiweza."

"Acha, mwanangu. Acha."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha velveti ambacho hajawahi kumruhusu mtu yeyote wa karakana akikalie. Alitazama mikono ya Bomba kana kwamba ameletewa leo.

"Ule mkasi," alisema. "Hukuwa wewe?"

"Hapana, Shangazi."

"Na keki?"

"Hapana."

"Nani alikula keki?"

Binti alianza kuokota shanga chini ya cherehani kwa bidii kubwa.

"Nilikuchapa kwa ile keki," alisema Shangazi. "Ulikuwa unasema si mimi, Shangazi, si mimi, na mimi nakuonyesha karatasi. Ulikuwa mtoto. Mwili wako tu ulikuwa unavuja, na mimi nikakufanya mwizi."

Bomba alikuwa amekuja kuutua mzigo wake. Sasa aliuona umekuwa miwili, na wa pili ulikuwa umemkalia Shangazi shingoni. Akataka kumwambia si kitu. Akashindwa, kwa sababu ilikuwa kitu.

"Nenda kamlete Mvuke," Shangazi alimwambia Binti.

Hakuwa mbali. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la jirani, mfuko magotini, akisubiri kitu ambacho mwenyewe asingeweza kukitaja. Akaingia nyuma ya Binti, akasimama karibu na mlango kama mgeni.

"Mvuke," alisema Bomba. "Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilikuona unaiondoa kwa mikono miwili, unapuliza. Unapuliza, Bomba! Kama chai."

Binti akamgeukia. "Ulijua, ukakubali kufukuzwa?"

"Nilijua atasema." Mvuke hakumtazama Binti. Alimtazama Bomba. "Wakati Mama anainua karatasi nikasema, sasa atasema. Nikavua aproni polepole, nikasema, sasa. Nikaikunja ile aproni mara mbili, ndugu yangu. Hakuna aproni inayokunjwa mara mbili."

Bomba akamnyooshea mkono.

Miaka yote ya kazi, wateja walimsalimia Bomba kwa kupunga, mafundi kwa kugonganisha viwiko, kila mtu akitafuta njia ya kukwepa kile kiganja chenye maji. Mvuke peke yake alikuwa akikishika, kila asubuhi, akikitikisa mpaka bega lilie, kisha akijifuta kwenye suruali yake mwenyewe na kusema, "Asante, nimeshanawa."

Sasa mkono ulikuwa mkavu, msafi, tayari. Ukabaki hewani.

Mvuke akaupita, akaenda kwenye meza, akainamia gauni.

Shangazi akakohoa. "Mwanangu Mvuke, nimekukosea. Jumapili... mwambie mjomba wako apige viatu rangi."

"Nitamwambia, Mama." Kidole chake kilikuwa kikifuata ukingo wa alama. "Haijatoboa. Imebabuka juu tu. Nikipata kipande cha lesi kutoka kwenye mkia wa gauni, tukakiweka hapa, Binti akapiga shanga kuzunguka, hakuna atakayejua. Hata mimi nitasahau."

"Kweli?" Bomba aliuliza.

"Sisemi na wewe," alisema Mvuke, bila kugeuka.

Ndipo mlango ukasukumwa.

Alikuwa Daktari, peke yake, bado na koti jeupe. Nje, injini ilikuwa ikinguruma. Mama mkwe alikuwa akihangaika kupata pa kuegesha gari.

"Nimeambiwa njiani," alisema haraka. "Nimeambiwa mpiga pasi ameunguza..."

"Si mpiga pasi," alisema Bomba. "Ni mimi. Dole gumba. Ulinionya."

Daktari alilitazama gauni. Alimtazama Bomba.

"Asubuhi nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanambia limepigwa sana."

"Sikudanganya."

"Hapana," alisema Daktari. "Ulichagua maneno. Ungenidanganya tu, ningekasirika kidogo."

Bomba akainamisha kichwa. Angetoa viganja vyake vyote viwili wakati ule vichomwe tena, bila ganzi.

"Lakini usihofu, dada," Mvuke aliingilia, kifua mbele. "Linatengenezeka. Kufikia Jumamosi litakuwa bora kuliko mwanzo."

Wote wakasubiri Daktari afurahi. Badala yake uso ulimwanguka kama hema lililokatwa kamba.

Akarudi mlangoni, akachungulia nje, akaufunga. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Mwambieni halitengenezeki."

"Eti?" alisema Shangazi.

"Nawaomba. Miezi yote hii nataka kusema sijui kama ninataka kuolewa na yule mtu. Kila nikifungua mdomo, ukumbi uko tayari, kadi ziko tayari, ndugu wamefika. Leo, kwa mara ya kwanza, kuna kitu hakiko tayari. Nipeni siku chache nipumue, nifikiri."

"Na jina la karakana yangu?" alisema Shangazi. "Yule mama atasema tumeharibu gauni likashindikana!"

Lakini Daktari alikuwa ameshamshika Bomba mikono, palepale alipokuwa amemchoma.

"Sema wewe. Wao watajulikana, hebu watazame." Kweli, Shangazi alikuwa ameshaanza kung'aa juu ya mdomo, na Mvuke alikuwa Mvuke. "Wewe peke yako humu ndani huonekani kitu."

"Dada Daktari," alinong'ona Bomba, "mimi nimeacha uongo sasa hivi. Hata sijakaa chini."

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Mama mkwe aliingia na funguo za gari mkononi, akazipitia zile nyuso tano kwa jicho moja.

"Yuko wapi huyo mpiga pasi? Nataka nimwone. Nataka nimjue kwa sura, ili kila mwenye harusi katika mji huu amjue kwa jina."

Aproni ya Mvuke ilikuwa mezani, na yeye alikuwa kando yake, hakuhitaji kutajwa. Binti akamshika mkono.

Bomba akapiga hatua, akasimama mbele yao.

"Si yeye, mama. Hakuwemo hata chumbani. Ni mimi, na waliosikia ni yeye wasikie leo kuwa si yeye."

Nyuma yake alimsikia Mvuke akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hakugeuka. Hakuthubutu.

Mama mkwe alimsogelea mpaka marashi yake yakamfika. Akamkagua paji la uso, akamkagua shingo, akamkagua shati kwapani. Hakuona hata tone. Akatikisa kichwa, karibu kwa heshima.

"Angalau kuna mtu mmoja hapa asiyeogopa kunitazama," alisema. "Basi nitakuamini wewe, na neno lako ndilo nitakalolifuata. Linatengenezeka, au halitengenezeki?"

Mvuke alikuwa ameshika kipande cha lesi. Daktari alikuwa ameacha kupumua. Shangazi alikuwa amefumba macho.

Bomba akafungua mdomo.